Nyuma ya Keki, Shemeji Anaonekana na Panga

Admin, jina langu lifiche. Ngara na Biharamulo zitaje tu, wapiga video huku tuko wengi kuliko harusi zenyewe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne, nimeoa, tuna watoto wawili. Naishi Nyantakara, huku Biharamulo, kazi yangu ni kupiga video za harusi, kipaimara na misiba. Sikusomea. Nilijifunza kwa kuharibu harusi za watu, na baada ya kupoteza faili za bwana harusi mmoja aliyenikimbiza na fimbo, nikajiwekea sheria: kadi ya kamera haifutwi mpaka faili zimekopiwa kwenye laptop na kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuhifadhia, na wenye shughuli wameridhika.

Mke wangu ni wa Nyamiaga, kule Ngara. Mdogo wake alipoolewa, kazi nikapewa mimi, mkwe. Ilienda vizuri mpaka kwenye keki. Niliacha kamera kwenye stendi inajirekodi, nikaenda kula, maana mpiga video asipojikumbuka hukumbukwa kwa mifupa. Ghafla nikasikia mayowe nyuma ya turubai. Mzee Anatoli, mchoma nyama, jirani wa wakwe zangu, alikuwa chini, shingo imefunguka kama ya mbuzi aliyekuwa akimkata. Pembeni yake amesimama Masanja, Msukuma aliyehamia Nemba na ng'ombe wake, mgeni wa upande wa bwana harusi, ameshika panga lenye damu.

Hakuna aliyeuliza. Walimpiga kwa mawe, kwa viti, kwa vyuma vya kuchomea nyama. Nilimwona mama mtu mzima, mwanakwaya, anavua kiatu ili ampige kisigino mdomoni. Masanja alikuwa anasema, "Nimemnyang'anya! Nimemnyang'anya!" mpaka meno yaliyovunjika yakamzuia. Wote wawili walikimbizwa hospitali; Mzee Anatoli alifia njiani. Masanja alipopata nafuu akatolewa hospitali akapelekwa mahabusu kwa kesi ya mauaji.

Sasa huku kwetu video haikatwi na kupangwa kabla familia haijajiangalia. Baada ya msiba kupoa, mama mkwe akaniita. Nikakopi faili zote, nikatazama mwanzo na mwisho wa kila moja kuhakikisha zinafunguka. Katikati sikutazama. Nani anatazama nusu saa ya watu wanalishana keki?

Mchana wa Jumapili tukajaa sebuleni, nikaunganisha laptop kwenye televisheni. Vicheko. "Ona shangazi anavyoficha soda kwenye mkoba!" Shangazi akajibu, "Soda hiyo ulikunywa wewe, mbwa." Kaka mkubwa wa mke wangu, nitamwita Deo, ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kisha ikaja keki. Nyuma ya bibi harusi, pazia la turubai lilikuwa limefunguliwa. Deo anaonekana anagombana na Mzee Anatoli. Walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la migomba, kila mtu anaujua. Mzee anageuka kupindua nyama. Deo anachukua panga mezani. Anampiga mara ya kwanza, mzee anapiga magoti. Anampiga tena. Masanja anatokea, anamshika mkono, anamnyang'anya. Deo anaondoka. Na mbele bibi harusi anamlisha mumewe keki, watu wanapiga vigelegele.

Mama mkwe akasema taratibu, "Zima."

Sikuwahi kuzima. Deo alinivuta kwa shati akanigonga uso kwenye kona ya meza. Akachukua mchi wa kinu, laptop akaipiga mpaka ikawa chenga. Akaniambia, "Lete kadi." Nikatoa. Akaisaga juu ya jiwe kwa bidii ya mtu anayeua nyoka mara ya pili. Halafu akaweka mkono wangu wa kulia juu ya jiwe lilelile. Wajomba walinishikilia. Akaniponda vidole vitatu.

"Kuna nyingine?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mke wangu akasema, "Hakuna, kaka. Vyote vilikuwa humo."

Mke wangu anajua eksteno iko nyumbani. Yeye ndiye huifuta vumbi.

Shangazi wa soda akatuletea maji, akasema, "Sisi hatujaona kitu, sivyo?" Wote wakaitikia kama kanisani.

Njiani kurudi mke wangu aliniambia, "Nimekuokoa leo. Lakini ukimpeleka kaka yangu kunyongwa, mimi kwetu sitarudi, na kwako sitakaa." Sijui alidanganya kwa ajili yangu au kwa ajili ya Deo. Nimeogopa kuuliza.

Juzi amekuja mke wa Masanja kutoka Nemba, mtoto mgongoni. Alinisalimia shikamoo, mimi ambaye huenda amenizidi umri. Akasema, "Kaka, nimesikia wewe ndiye ulipiga video. Kamera yako haikumwona mume wangu, hata kwa mbali?"

Nikamwambia kadi ilivunjika. Si uongo.

Akatazama bandeji yangu, akasema, "Pole sana na vidole, kaka. Mungu atakuponya." Akaondoka kwa miguu.

Mke wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliingia ndani kupika. Eksteno bado ninayo, na kesi itatajwa tena wiki ijayo. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na tafadhali msiniambie niombe tu, maana Masanja naye anaomba.