Oleta Fugate Alivyokataa Kuhama

Oleta Fugate alizaliwa kwenye milima ya Kentucky, akaja Hamilton, jimbo la Ohio, akiwa na miaka kumi na tisa, pamoja na mume mpya na sufuria moja nzito ya chuma. Mume hakukaa. Sufuria ilikaa, na Oleta alipenda kusema kwamba katika viwili hivyo alibakiwa na kilicho bora.

Kwa miaka ishirini na sita alifua na kukunja mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuwa mtu wa kusifu ovyo wala wa kusifiwa. Aliishi peke yake katika jengo la matofali lenye nyumba nane, akilipa kodi yake kila tarehe mosi, na majirani walimjua zaidi kwa harufu ya maharage yake na mkate wa mahindi kuliko kwa maneno yake.

Majira yale ya baridi ya mwaka themanini na tatu, boila ya jengo, mtambo wa kupeleka joto kwenye mabomba ya kila nyumba, ilizima wiki ya pili ya Novemba. Oleta alimpigia simu mwenye nyumba, Bwana Stauffer.

"Bwana Stauffer, huku mabomba yote ni baridi."

"Vaa sweta, mama."

"Nimevaa mbili."

"Basi vaa na la tatu," akasema, akakata simu.

Jambo lile lilimchoma kuliko baridi yenyewe. Jumamosi iliyofuata alikwenda maktaba ya mji, akaomba kitabu cha sheria za jimbo, akakaa nacho tangu asubuhi mpaka wanafunga, kidole chini ya mstari. Alisoma kwamba mwenye nyumba anapaswa kutunza mitambo ya joto aliyoiweka mwenyewe. Akasoma kwamba mpangaji asiye na deni la kodi anaweza kumwandikia barua, na zikipita siku thelathini bila matengenezo, kodi yake ataipeleka kwa karani wa mahakama aihifadhi, badala ya kumpa mwenye nyumba. Sheria hiyo ilikuwa na miaka tisa. Miaka tisa, na katika jengo zima hakuna aliyewahi kuisikia! Alijikasirikia mwenyewe njia nzima akirudi nyumbani.

Aliyeishi mlango wa pili ni Mzee Reuben Lykins, dereva wa malori aliyestaafu, mwenye mapafu mabovu na mbwa mzee kuliko yeye.

"Mimi nimeshaamua," Lykins alimwambia. "Simlipi tena hata senti moja."

"Usipolipa umempa kisu mkononi, Reuben. Atakushtaki kwa kutolipa, na utajikuta barabarani na mbwa wako. Kodi unatoa. Ila humpi yeye."

"Sasa nampa nani, Papa wa Roma?"

"Karani wa mahakama. Kaa chini tuandike barua."

Lykins alikaa, akaishika kalamu, hakuandika kitu. Aligeuza uso dirishani. Hapo Oleta akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa ameendesha lori miaka thelathini akitambua vibao vya barabarani tu. Alichukua kalamu, akaandika yeye, akamsomea kwa sauti mara mbili, polepole, kisha akamwonyesha mahali pa kutia jina lake. Jina aliliweza.

Kwa siku tatu aligonga kila mlango wa jengo. Wawili walimwambia aache kuwatafutia balaa. Watano waliandika, yeye na Lykins wakiwemo; nyumba ya nane ilikuwa tupu. Barua zilitumwa kwa rejista, na Oleta akabaki na nakala. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, alitazama kipimajoto cha jikoni na kuandika kwenye kalenda ya ukutani alichokiona.

Siku thelathini zilipita, fundi hakuonekana. Kwa kuwa tarehe mosi Januari iliangukia Jumapili, walikwenda mahakamani Ijumaa iliyotangulia, wote watano wamejibana kwenye gari la Lykins, mbwa akiwa miguuni mwao. Karani aliwatazama juu ya miwani.

"Nyote ni wa jengo moja?"

"Jengo moja, baridi moja," Oleta akajibu, akasukuma nakala ya barua dirishani.

Siku nne baadaye Bwana Stauffer alisimama mlangoni pa Oleta, ameshika hita mpya ya umeme.

"Oleta, wewe ni mtu mwenye akili," alisema, sauti laini kama si yeye. "Chukua hii. Ukaondoe yale mambo mahakamani, na bafu lako nitalitengeneza wiki hii hii."

"Na Lykins?"

"Lykins hata umpe jua lote atakohoa tu."

Oleta aliitazama ile hita. Miguu yake ilikuwa haijapata joto tangu boila izime, na kwa kweli aliitamani. Baadaye hakuona haya kulikiri hilo. Lakini kikohozi cha Lykins kilikuwa kinasikika ukutani.

"Iondoe mlangoni pangu," akasema.

Jumanne iliyofuata alirudi kutoka kazini, ufunguo ukagoma kuingia. Kitasa kilikuwa kipya. Nguo zake, dawa yake ya presha, kila kitu kilikuwa ndani. Oleta akaketi kwenye ngazi, akalia.

Lykins alitoka amevaa kofia. "Niupige teke mlango, dada yangu? Mguu mmoja bado unafanya kazi."

"Ukiuvunja utafungwa wewe, naye atacheka." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Nipe simu yako."

Ofisi ya msaada wa kisheria ilimpa wakili kijana, Bi Penczek, aliyemsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema, "Hawezi kukufungia nje hata kama ungekuwa na deni, sembuse huna. Kesho saa tatu uwe mahakamani." Oleta alilala kwenye kochi la Lykins. Kesho yake hakimu alitoa amri, na kabla ya saa sita mchana Bwana Stauffer alileta ufunguo mwenyewe, akaudondosha kwenye kiganja cha Oleta bila kumtazama.

Kesi ya boila ilisikilizwa mwisho wa Januari. Stauffer alidai wapangaji ndio waliokuwa wakiacha madirisha wazi. Bi Penczek akampelekea hakimu kalenda ya Oleta.

"Tarehe ishirini na nne Desemba," hakimu akasoma. "'Mbwa hakunywa maji.' Hii ina maana gani, mama?"

"Mbwa wa Lykins, mheshimiwa. Maji yake yaliganda bakulini, jikoni."

Hakimu aliendelea kufunua kurasa mpaka mwisho. Aliamuru sehemu ya fedha zilizowekwa kwa karani imlipe fundi, na nyingine warudishiwe wapangaji. Siku mabomba yalipoanza kugonga na kupata joto, Lykins alivua kofia ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza tangu Novemba, na wale wawili waliokataa kuandika walikuja na keki. Oleta aliipokea, akawaambia imekauka kidogo.

Aliishi pale miaka mingine kumi na moja. Habari zilienea, na ikawa kila Jumamosi watu wanamfuata kwenye meza ya maktaba na barua zao. Safari moja alimkosea mama mmoja hesabu ya siku, na mama yule akapata shida. Oleta alikwenda kumwomba radhi kwake nyumbani. Tangu hapo, penye tarehe ya mahakama alikuwa akimpigia simu Bi Penczek kwanza.

Aliyemshangaza kuliko wote ni mjane mmoja aliyekuja na barua aliyotumiwa na mpangaji wake wa ghorofani, kuhusu paa linalovuja.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," akanong'ona. "Huenda wewe huwasaidii watu kama mimi."

Oleta alivuta kiti cha pili, akafungua kitabu. "Keti, bibi. Tuone unadaiwa nini, kisha tumtafute fundi wa paa asiye mwizi."