Kitufe Alichokikataza Pomaa

Mjini Effiduase, Ghana, ukimwona mzee mrefu aliyejitanda nguo nyeusi, amesimama pembeni ya watu na kamera ndogo imemning'inia kifuani, huyo ni Nsiah. Zamani alikuwa dereva wa lori la magogo. Macho yalipoanza kumchezea gizani, akaliacha lori, akawa mtu wa kumshikia mkewe nguo nyeupe.

Mkewe, Pomaa, ndiye aliyekuwa mpiga picha. Harusi, ubatizo, mazishi, yote yake. Jua likiwa la utosi na watu wana vivuli machoni, Nsiah alikunjua nguo yake nyeupe ya kwendea kanisani, maana ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote nyumbani, akainyanyua kama anayetaka kuianika. Mwanga ukadunda pale, ukamwangukia mtu usoni.

"Paisha! Teremsha! Nsiah, umelala?"

Watu walicheka. Na Jumapili mume wa mpiga picha aliingia kanisani na vumbi la mazishi ya Jumamosi.

Kidogo kidogo Pomaa akamfundisha na kamera yenyewe. Nsiah hakukanyaga shule hata siku moja, herufi kwake ni michoro, lakini vidole vyake vilishika. Hapa zungusha. Hapa bonyeza nusu, ngoja mlio, bonyeza yote. Siku moja akabonyeza asipopajua, akafuta harusi nzima: bibi harusi, keki, wakwe wa pande zote mbili. Pomaa hakupiga kelele. Alimshika kidole, akakiweka juu ya kitufe kimoja nyuma ya kamera, upande wa kushoto.

"Hapa usiguse," akasema. "Hata nikifa."

Akafa.

Sasa ulikuwa umepita mwaka na ushei. Nguo nyeusi ya msiba Nsiah alikuwa bado hajaivua, ingawa muda wake ulishakwisha. Na kile kitufe hakukigusa.

Kitu kimoja kilimkaa rohoni. Siku ya mazishi ya Pomaa bango lilitundikwa mbele ya nyumba, kubwa kuliko mlango, kama kila marehemu anavyotundikiwa. Lakini aliyeupiga picha mji mzima hakuwa na picha yake mwenyewe, ila moja tu. Nsiah ndiye aliyeipiga, Pomaa anamenya viazi vikuu, amegeuka ghafla, anacheka. Kwenye karatasi ndogo ya kiganja ilitoka vizuri, hata mwanya wa meno unauona. Kwenye bango, uso ulivurugika. Ukawa viraka viraka. Watu walisimama chini yake wakimtafuta Pomaa, wasimpate.

Nsiah alijiambia: ni mkono wangu. Mkono wa usukani wa lori.

Basi, alasiri moja bibi mmoja aliingia uani kwake bila kubisha. Alikuwa Maame Konadu, mwenye nyumba kubwa ya ghorofa karibu na soko, mkavu, mwepesi, fimbo anayo lakini haiegemei.

"Nsiah, upo au umelala?"

"Nipo, Maame. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Nimekuja unipige picha ya bango."

Nsiah akamtazama. "Pole, Maame. Nani amefariki?"

"Mimi. Bado kidogo tu." Bibi akacheka mpaka fimbo ikatikisika. "Mwezi ujao wanangu wananifanyia shukrani, nimetimiza miaka tisini. Nataka bango litundikwe siku hiyo nilione kwa macho yangu. Kisha likunjwe, liwekwe chini ya kitanda, lingoje siku yake. Nikiwaachia watoto wale, watachukua picha ya kitambulisho. Umeiona? Nimekodoa macho kama mwizi wa mbuzi!"

"Nenda kwa Ofosuhene, Maame. Ana kamera kubwa."

"Ofosuhene anapiga picha kama anayefukuza kuku. Harusi za wanangu zote alizipiga mkeo. Nataka kamera ile ile." Hapo akashusha sauti. "Ila nisikilize vizuri. Bango la Pomaa nililiona. Nilisimama pale nikalia mara mbili, mara ya kwanza kwa kifo, mara ya pili kwa lile bango. Mimi usinifanyie vile."

Nsiah akasema ndiyo. Angesema nini?

Akampiga picha kibarazani, bibi amevaa kente, nguo yake ya sherehe, mikono juu ya fimbo. Kesho yake akaipeleka Kumasi, mtaa wa Asafo, kwa Dufie mchapaji wa mabango, mwanamke mnene asiye na subira. Dufie akaifungua kwenye kompyuta, akasonya.

"Wofa, hii ndogo."

Wofa ni mjomba, na vijana wote wa kazi ile walimwita hivyo.

"Ndogo vipi? Si imejaa kioo?"

"Kiooni imejaa. Nikiivuta iwe bango, inapasuka. Tazama." Akaivuta. Uso wa Maame Konadu ukawa viraka viraka, vile vile. Nsiah akageuza macho. "Mimi sichapi hii," Dufie akasema. "Utakuja kusema ni mashine yangu. Niletee picha kubwa."

"Nikirudia?"

"Ukirudia na kamera hiyo si utaniletea hii hii?"

Jumamosi, mazishini, alimweleza Ofosuhene. Ofosuhene hakuwa mtu mbaya, ila kamera yake ilikuwa na lenzi ndefu kama mchi, na tangu aipate alitembea ametanguliza kifua.

"Nilishakwambia, Wofa. Hiyo yako ni ya wanaoanza. Ni ya kujifunzia! Wewe na ndevu zako nyeupe bado unajifunza?"

"Inapiga."

"Na baiskeli inatembea. Utakwenda nayo Accra? Sikia, Kumasi, pale Adum, kuna duka. Unawaachia hiyo yako, unaongeza pesa juu, unatoka na kubwa. Siku hiyo hiyo."

"Wanaichukua hii?"

"Wanaichukua. Wanamuuzia mtu mwingine anayeanza."

Pesa za kuongezea zilikuwapo. Nsiah alikuwa amezitenga kwa vigae vya kaburi la Pomaa, na vigae vingeweza kungoja. Jambo halikuwa pesa. Pale dole gumba linapokaa, mpira wa kamera ulilika ukawa laini, ukapata bonde dogo, na bonde lile si la dole lake. Lake lilikuwa kubwa, lilipita kando. Akibaki na kamera ile, atamvuruga Maame Konadu kama alivyovurugika Pomaa. Akiiacha, mtu asiyemjua Pomaa ataweka kidole pale pale asijue ni mahali pa nani.

Siku mbili alizunguka nayo nyumbani bila kupiga kitu. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akaifunga kwenye kitambaa, akapanda gari la Kumasi.

Mwuza duka aliitwa Agyekum, kijana wa miwani, mchangamfu. Akampa kamera kubwa aishike. Ilikuwa nzuri, nzito, ina mlio mtamu kama kufuli jipya. Nsiah akaitazama nyuma. Vitufe vilikuwa vingi kama vipele.

"Utavizoea tu, Baba. Sasa niione yako." Agyekum akaigeuza geuza. "Imetunzwa. Nafuta mipangilio yake yote, ianze upya, kisha tuandikiane."

Dole lake likaenda upande wa kushoto.

Nsiah alimdaka mkono. Hakujua kama bado ana nguvu zile. Ulikuwa mshiko wa usukani.

"Hapo usiguse."

"Baba, lazima..."

"Nimesema hapo usiguse."

Agyekum akataka kucheka, akauona uso wake, akaacha. "Kuna nini hapo?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Mke wangu alikataza."

"Basi mpigie simu tumwombe ruhusa."

"Hashiki simu tena."

Ndipo kijana akaiona ile nguo nyeusi. Akakohoa, akavua miwani, akaivaa tena. "Unisamehe, Baba. Tuseme ukweli, kwa nini unataka kuiacha?"

"Picha zake ndogo. Bango linapasuka."

"Ndogo? Kamera hii?" Agyekum akaitazama tena, safari hii kama mtu aliyesikia umbea. "Hii ni ya wanaoanza, ndiyo, lakini bango la kifuani mpaka kichwani halijaishinda hata siku moja. Niruhusu nichungulie. Sibadilishi kitu. Naapa kwa mama yangu."

Nsiah akaulegeza mkono, kidole kimoja kimoja.

Agyekum akabonyeza. Maandishi yakajipanga kiooni. Akashuka, akashuka, akasimama. "Haya basi. Kamera haina ugonjwa. Imeambiwa ipige ndogo, nayo inatii."

"Nani aliiambia?"

"Mwenyewe. Niulize kitu: mlikuwa mkichapa pale pale mazishini?"

"Karatasi za kiganja. Tunawauzia kabla hawajaondoka."

"Ndiyo maana! Kwa karatasi ya kiganja ndogo inatosha, inatoka upesi, na kadi ya kuhifadhia picha haijai kabla maiti hajazikwa. Aliyeipanga hivi alijua kazi yake."

Nsiah alikaa kwenye kiti ambacho hakukaribishwa.

"Kwa hiyo haikuwa mkono wangu," akasema.

"Mkono wako umefanya nini?"

Nsiah alikuwa anaiona karatasi ya kiganja, Pomaa na mwanya wake, wazi kabisa. Aliipiga vizuri. Tangu siku ile aliipiga vizuri.

"Nikuwekee kubwa?" Agyekum akauliza. "Ni kubonyeza mara mbili tu."

"Ngoja."

Akangoja. Wateja wawili waliingia wakatoka. Kukibonyeza ni kulivunja neno la mwisho alilokuwa nalo la mkewe kuhusu kazi ile. Kutokibonyeza ni kuiacha kamera nzima mezani pale, na dole la Pomaa pamoja nayo. Akafikiri: alinikataza kwa sababu sikujua kuna nini. Sasa najua.

"Nionyeshe mahali," akasema. "Nitabonyeza mwenyewe."

Agyekum akamwonyesha. Nsiah akanong'ona kitu ambacho kijana hakukisikia, akabonyeza mara ya kwanza, akabonyeza mara ya pili. Duka halikubomoka.

"Na kurudisha ndogo, siku ya mazishi?"

"Hapo hapo. Juu kubwa, chini ndogo."

Akarudia mpaka kidole kikashika. Kisha akaifunga kamera yake kwenye kitambaa.

"Kwa hiyo ile kubwa hununui?" Agyekum akauliza kwa huzuni.

"Nipe kadi moja ya akiba. Umesema picha zikiwa kubwa itajaa upesi."

"Kadi!" Kijana akajishika kichwa. "Asubuhi nzima, maneno yote haya, nimeuza kadi!" Lakini alikuwa anacheka. "Sawa, Baba. Siku ukichoka na giza la kanisani, rudi, nitakuuzia lenzi. Kamera baki nayo."

Maame Konadu alipoambiwa arudie picha, alilalamika kwamba anauawa mara mbili. Hata hivyo alivaa kente tena, akakaa. Picha ilipofika Asafo, Dufie aliivuta, akaivuta, akauliza, "Wofa, umenunua ipi?" Nsiah akasema, "Chapa."

Siku ya shukrani bango lilitundikwa kwenye ukuta wa ghorofa. Kila mkunjo wa uso ulikuwa mahali pake, macho yanacheka, pete inang'aa. Watu walisimama chini yake, na hakuna aliyemtafuta mtu. Maame Konadu mwenyewe alilikagua kutoka juu mpaka chini.

"Nsiah! Nani alikwambia uonyeshe ndevu zangu?"

"Zipo, Maame."

"Zipo, zipo! Mpaka wajukuu wamezihesabu!" Akapangusa machozi kwa ncha ya nguo. "Ni mimi. Sasa hata nikifa kesho sina wasiwasi. Lakini kesho sifi, wali wa leo umebaki mwingi."

Ofosuhene alikuja na lenzi yake ya mchi, akasimama kwa muda mrefu. "Ulikwenda Adum."

"Nilikwenda."

"Iko wapi, niione?"

Nsiah akagusa kifuani. "Hii hii."

"Acha uongo, Wofa."

"Juu kubwa, chini ndogo," Nsiah akasema.

Maame Konadu alikuwa akiwatazama. "Na wewe, Nsiah? Bango lako atalitoa nani wapi? Mmoja wenu alishaondoka na picha moja tu. Mpe Ofosuhene hiyo kamera akupige. Sasa hivi."

"Si kwa nguo hii, Maame."

"Basi kabadilishe. Nyumba yako ni pale, si Accra. Au una nguo moja tu duniani?"

Nsiah akaivua kamera shingoni, akampa Ofosuhene, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Akaenda.

Sandukuni ile nguo nyeupe ilikuwa imekunjwa na Pomaa, pindo juu ya pindo, na pembeni lilibaki doa jekundu la vumbi la mazishi ya nani hata hakumbuki. Akaikung'uta, akajitanda. Nyeusi akaiacha kitandani.

Aliporudi kwenye sherehe, wanawake walipiga vigelegele mpaka akaona aibu. Maame Konadu akampangia mkunjo wa begani, akamsukuma kwenye kiti chake mwenyewe. Ofosuhene akaiweka kamera ndogo jichoni, akaishusha, akaiweka tena.

"Wofa, wacha kukunja uso. Nguo hii inakumulika vizuri, hata taa sihitaji."

"Ndiyo kazi yake," Nsiah akasema. "Umeweka juu?"

"Sijagusa."

"Basi ni sawa. Bonyeza nusu kwanza. Ngoja mlio."