Mzee Nusa na ndoo inayowapima ng'ombe wa nyasi

“Ng'ombe hajawahi kunidanganya,” anasema Mzee Nusa. “Mwenye ng'ombe, hilo ni la kila siku. Lakini ng'ombe mwenyewe? Miaka kumi na tisa kazini, sijakosea hata mara moja.”

Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Anayasema hayo akiwa amechuchumaa katikati ya malisho, kijiti mkononi, mbele ya rundo la mavi ya ng'ombe linalofuka mvuke. Saa hizi wengine wanasoma gazeti. Yeye anasoma mavi.

Analigawa rundo mara mbili, anainama, ananusa, anaguna kwa kuridhika. Nyuzi za nyasi zimo. Maganda ya mahindi hayamo.

Jina la Mzee Nusa alipewa na wafugaji, na hawakulitoa kwa kumsifu. Ana miaka hamsini na minne. Ni mkaguzi wa chama kinachopiga muhuri wa kijani kwenye nyama ya ng'ombe waliokula nyasi tu tangu walipoachishwa ziwa. Pumba marufuku, mahindi marufuku, mashudu ndiyo usiyataje kabisa. Wateja wa mjini huilipia nyama hiyo karibu theluthi zaidi, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuweka saini kwamba ng'ombe hajaonja kitu kingine. Mtu mwenyewe ndiye huyu, ambaye magoti yake hulia kama bawaba kavu kila anapoinuka.

Kwa mwezi hukagua mashamba thelathini na saba, kwa pikipiki. Malipo ni kwa shamba, liwe la mlango wa pili au la mwisho wa dunia. “Ofisini hawajui tofauti,” anasema. “Kiuno kinajua.”

Ofisi hiyo ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri, chenye meza mbili na feni inayozunguka ikijisikia. Nyumbani nako mkewe, fundi cherehani, alishapitisha sheria zamani: buti haziingii ndani, na mwenye buti haingii mpaka aoge. Binti yao wa mwisho, wa kidato cha tatu, aliulizwa darasani baba yake anafanya kazi gani. Akajibu: “Ananusa mavi, halafu anaandika ripoti.” Darasa zima likaangua kicheko.

“Niliumia,” anasema Mzee Nusa. “Usiku nikalala nikiwaza, hivi amekosea wapi? Nikakuta hajakosea.”

Shamba la leo ni la Mama Pacha, mjane mwenye ng'ombe arobaini na mmoja. Muhuri wake ulimaliza muda wiki iliyopita, na mnunuzi anakuja keshokutwa kuchukua maksai tisa. Akifaulu, atauza kwa bei ya muhuri. Akianguka, atauza kwa bei ya kawaida, na hatakaguliwa tena mpaka mwaka uishe.

Wanawe mapacha wamepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, wote wawili, mwezi mmoja. “Kwa bei ya kawaida anakwenda mmoja,” anasema mama yao, akifuta mikono kwenye kanga. “Sasa mnisaidie, nimwambie yupi abaki?”

Mzee Nusa anawageukia ng'ombe. Maswali ya namna hiyo amejifunza kuyaacha yapite kama upepo. Anakagua hereni za namba masikioni. Anaingia ghalani: kamba, majembe, gunia la chumvi ya mifugo, basi. Chumvi inaruhusiwa. Mpaka hapo kila kitu shwari, na Mama Pacha ameanza kupumua.

Kisha anaenda kwenye pikipiki na kufungua ndoo.

Ni ndoo ya plastiki iliyopauka, ndani ina kokoto kama kumi. Haimo kwenye kitabu cha kanuni. Ni ugunduzi wake mwenyewe wa miaka kumi na moja, na ofisini hakuna aliyewahi kuuhoji. Hoja yake ni nyepesi: ng'ombe wa nyasi hana habari na ndoo. Itikise utakavyo, atakutazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Aliyezoea pumba, akisikia mlio tu, anakuja mbio.

Anaitikisa.

Vichwa arobaini na moja vinainuka kwa pamoja. Halafu kwato. Kundi zima linamjia kana kwamba ndiye bwana harusi, na mtamba mmoja mwekundu, hereni namba ishirini na saba, anaiingiza pua ndooni kabla Mzee Nusa hajakimbia. Anakuta kokoto. Anamtazama kwa dharau.

Mzee Nusa anaitua ndoo, anatoa fomu, na kwenye kisanduku cha mwisho anaandika kwa herufi kubwa: HAPANA.

“Hapana ya nini, kaka?” Sauti ya Mama Pacha imepanda. “Hao wanafuata chumvi! Yale mawe ya kulamba hayapatikani tangu mwaka jana. Nawapa ya unga, kwenye ndoo.”

“Mama, kila ninayemwangusha huniambia chumvi.”

“Na kama kila mmoja alikuwa anasema kweli?”

Mzee Nusa anafunga kalamu. Anasema kazi ni kazi, asichukulie vibaya. Mama Pacha hamsikilizi, ameshatoa simu na kumpigia jirani anayefuga kuku. “Niletee kisado cha pumba, shoga. Sasa hivi. Usiniulize.”

“Pumba hazikanyagi humu ndani,” Mzee Nusa anashtuka. “Zikiingia, ndiyo umewalisha.”

“Basi nje ya lango. Na tumtoe mmoja tu, huyu huyu mwenye kiherehere. Hayumo kwenye wa kuuzwa. Asipozitambua pumba, utasemaje?”

Mkaguzi anatazama saa, anatazama barabara, mwisho anatazama magoti yake. Bado ana mashamba mawili kabla ya jua kuwa kali. Anaketi kwenye jiwe. “Dakika kumi,” anasema.

Pumba zinafika. Kokoto zinamwagwa, pumba zinaingia. Namba ishirini na saba anakuja na matumaini yake yote, anaingiza pua, anasita. Ananusa. Anarudi nyuma hatua mbili, anapiga chafya, na pumba zote zinahamia kwenye shati la mkaguzi. Wanamsogezea tena. Anageuza shingo kama mtoto anayekataa dawa.

Mama Pacha anaisuuza ndoo, anatia konzi mbili za chumvi. Kichwa kinazama mpaka masikioni.

Hakuna anayecheka, ingawa shati la Mzee Nusa linastahili. Mavi yalikuwa safi, ghala lilikuwa safi, aliyekosea ni ndoo. Analikata neno lake kwa mistari miwili, anaandika NDIYO pembeni, anaweka saini na muhuri. Mama Pacha anaipokea karatasi kwa mikono miwili, anaisoma, anaisoma tena, kisha anakaa chini kwenye nyasi.

“Wote wawili,” anasema peke yake.

Mzee Nusa haondoki. Mashamba yale mawili yanamsubiri, lakini amebaki kwenye jiwe, anajipangusa pumba moja moja.

“Walioanguka kwa ndoo peke yake,” anamwambia mwandishi taratibu, “hawapungui kumi na wanne. Nimechoka, mwanangu. Sio kuchoka kwa pikipiki.”

Mwakani mwezi wa sita anastaafu. Mpango wake ulikuwa kuhamia barazani, karibu na cherehani ya mkewe, asinuse kitu ila chai. Sasa ameongeza jingine: kabla ya kuondoka atakiomba chama kipige marufuku ndoo, na kila shamba likaguliwe na watu wawili, mmoja akikosea mwenzake amwambie. Ofisini wameshamwambia mara nyingi kwamba hata mmoja ni gharama. Ataomba hivyo hivyo.

Anayemrudia kichwani zaidi ni mzee wa shamba la pili kutoka hapa, mwenye ng'ombe kumi na wawili, aliyemwangusha mwaka juzi. Baada ya hapo mzee aliwauza kwa bei ya hasara, wakabaki wanne.

“Lakini yule hakunieleza,” anasema, akivaa kofia ngumu. “Alinyamaza tu. Angenieleza habari ya chumvi, ningekaa nikajaribu, kama leo.”

Mama Pacha, aliyekuwa akimrudisha mtamba ndani, anasimama na komeo mkononi.

“Alikueleza, kaka. Mara tatu. Akakuomba umngoje akatafute pumba, ukasema mvua itakuharibia njia.”

“Wewe umejuaje?”

“Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali. Mimi ndiye niliyekushikia mwavuli ukiandika.”