Selfi ya Koku na Nyasi za Sakafuni

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Mjukuu wangu Koku alikuwa ameanza kutembeza wageni kwa simu: wao wamekaa makwao ng'ambo, yeye hapa Izimbya anawaonyesha migomba, kahawa na nyumba yetu ya msonge. Siku hiyo mgeni alikuwa mzee wa Kihaya aliyeondoka Muleba akiwa kijana. Miguu yake haiwezi tena safari, akataka wajukuu zake waone nyumba kama aliyozaliwa, yeye akiwa bado hai.

Koku alijipamba, basi! Wigi, wanja, kijiti cha selfi, na ile filta inayolainisha uso na kufuta kila kitu nyuma. Akawasalimia kwa Kiingereza. Tukapita migombani, wageni wakamwona Koku. Tukaingia kwenye msonge, Koku tena, anatabasamu, nyumba imekuwa ukungu.

Mzee akasema kwa upole, "Binti, u mzuri kweli. Lakini nyumba iko wapi? Watoto wameanza kuondoka."

Roho iliniuma. Ila sikumgombeza, maana nilikumbuka picha niliyopiga usichanani, studio ya Bukoba mjini, nyuma yangu ndege ya kuchorwa kwenye pazia. Mama aliitazama sana. "Umependeza," akasema. "Sisi umetuacha wapi?"

Nikamnong'oneza Koku, "Hujamwamkia mzee kikwetu."

Akashtuka! Akapiga magoti kama tulivyomlea, akaamkia, "Kasinge waitu," kijiti kikamponyoka, simu ikaangukia ubavu kwenye nyasi tulizotandika sakafuni. Uso wake ulipoondoka kwenye picha, na ukungu ukaondoka.

"Hapo hapo!" mzee akapaza sauti. "Wajukuu zangu, njooni! Nyasi kama hizi ndizo nilizolalia!"

Tukasikia vitoto vinarudi mbio. Koku akageuza kamera, akawaonyesha paa, mafiga, mpaka mbuzi. Mzee alilia huku anacheka, nami sikujizuia. Mwishoni ndipo wakapiga selfi: Koku pembeni, wigi limekaa upande, nyumba nzima nyuma yake. Hajawahi kupendeza vile.

Kwa hiyo jipambe, mwanangu, na picha piga, ujana ni wako. Ila ukisimama mlangoni kwetu, sogea kidogo wageni waone ndani. Mungu akujalie picha nyingi za furaha, na katika kila moja tuonekane nyuma yako.