Unga wa Rangi Mbili

Apolonia, ambaye Katoro nzima tunamwita Mama Martina, ameuza dawa miaka kumi na tisa. Sifa yake kubwa ilikuwa kufungua kapsuli ya antibiotiki ya rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Mchimbaji akijikata na sururu, anamwagiwa, anapewa na mbili za kumeza, basi, anarudi shimoni. Dozi kamili nani alikuwa na muda nayo? Mimi jirani yake nimemwagiwa mguu huu mara tatu, kwa hiyo sina mdomo wa kumlaumu.

Mwezi wa tatu binti yake wa pekee, Martina, alijifungua kwa upasuaji. Mshono ulipoanza kutoa maji, mama yake hakumrudisha hospitali. Alimwagia unga wake siku tano mfululizo. Siku ya sita mshono ukaachia, tukamkimbiza hospitali akiwa anatetemeka kwa homa.

Ignas wa maabara ya hospitali aliotesha bakteria wa usaha ule kwenye kisahani, na baada ya siku mbili akatuita.

"Shikamoo mama. Njoo uone."

Juu yao alikuwa amepanga vidonge vidogo vyeupe, kila kimoja kimeandikwa dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha mduara safi kuizunguka. Hapakuwa na mduara hata mmoja. Bakteria walikuwa wamejaa hadi ukingoni.

"Lakini hii Martina hajawahi kuinywa," alisema Mama Martina, akionyesha kimoja. "Wala hii."

"Si lazima awe ameinywa, mama. Bakteria sugu hutoa kijibomba, akamshika mwenzake, akamvuta karibu, akampa nakala ya kipande cha DNA chenye ujanja wa kuishinda dawa. Wa tumboni humpa wa kidondani, hata kama si ukoo mmoja. Na kipande kimoja hubeba ujanja wa dawa nne, tano. Unga wako uliwaua wale dhaifu tu, sugu wakabaki na nafasi yote."

"Imebaki dawa gani?"

"Ya mwisho tuliyonayo ndiyo hiyo unayoitazama hapo kisahanini."

Nilimchukia Ignas kwa kusema kweli, nikajichukia zaidi mimi na mguu wangu.

Wodini Martina alifumbua macho, akapapasa mkono wa mama yake.

"Mama, nimwagie tena ule unga. Ulikuwa unanipoza."

Pakiti ya kapsuli ilikuwa kwenye pochi ya mama yake, kama siku zote. Mama Martina aliikumbatia pochi ile, akalia kwa sauti mpaka nesi akaja kututoa nje.