Bustani ya mvua ya shemeji

Leo shemeji yangu, mume wa dada, kachota maji sebuleni kwake kwa beseni.

Tangu apate kazi kwenye mradi wa gesi wa Afungi, kila kitu anakijua yeye. Kamwaga sementi uwanja mzima, eti wafanyakazi wa gesi watakaopanga nyumba yake waegeshe magari! Kisha kachimba kibustani cha kunywa maji ya mvua, ukubwa wake kaupima kwa maji ya paa la bati tu.

Nikamuuliza, "Na maji ya uwanjani, shemeji?"

"Nyie mmezoea makuti."

Haya.

Mchana mvua ikashuka. Kibustani kikajaa, maji ya sementini yakaingia ndani. Mpangaji akaja kuiona nyumba, akachungulia dirishani mwa gari, akageuza.

"Shemeji, usipige foto!" akanipigia kelele, beseni mkononi.

Foto hiyo hapo, mpeni pole. Nimeipigia barazani kwangu hapa jirani, chini ya makuti, miguu mikavu.