Kitabu cha picha kilichompa dada yangu mtoto

Wakuu, heshima kwenu. Wenye kuniamkia, marahaba, umri umeenda.

Naona watu humu wanabishana kama stori ya kubuni inaweza kubadili maisha ya mtu. Hii yangu si chai, ilitokea nyumbani kwetu.

Ni miaka ya Ujamaa. Nauza kwenye duka la ushirika Korogwe, naishi na dada yangu Zaina. Dada alikuwa ameposwa na Abdala wa Chanika, Handeni. Imebaki harusi tu.

Akaja mpiga picha kutoka Dar. Akapiga stesheni, sokoni, vilabuni. Dada alikuwa stesheni anampokea shangazi, mgongoni kambeba mtoto wa jirani. Akapigwa picha. Tukasahau.

Kumbe picha zile zilitengenezewa kitabu cha maisha ya mjini. Kila picha ikatungiwa hadithi na mwandishi ambaye nadhani hata Korogwe hakuwahi kufika. Chini ya picha ya dada akaandika: "Mama Saidi anamsubiri baba Saidi. Treni imechelewa tena."

Hayo tu, wakuu.

Kitabu kikafika Chanika, kwenye kisomo cha watu wazima. Watu wamejua kusoma juzi, wanasoma hadi karatasi za sabuni. Wakamtambua mchumba wa Abdala. Na mnajua kwetu, mwanamke haitwi mama fulani bure. Lazima huyo fulani yupo.

Mshenga, Mzee Mhando, akaja Korogwe na mama yake Abdala, kitabu kwapani. Dada yuko jikoni analia kimya. Alimpenda Abdala, sitawaficha.

"Saidi yuko wapi?" mzee akauliza.

Nikamwambia hizo ni hadithi za kubuni.

"Kitabu kipigwe chapa Dar es Salaam, kije kumsingizia mtoto wa watu?" Akasema posa imekufa.

Mama yake Abdala akakichukua kitabu. Anafunua kurasa, kidole chini ya neno, anaunganisha silabi. Akafika kwenye picha ya mlango wa kilabu cha pombe. Mzee mwenye kanzu kakaa kwenye benchi.

"Yo-ha-na," akasoma, "a-me-ku-nywa m-sha-ha-ra wo-te." Akamtazama mshenga. "Mzee Mhando, umebatizwa lini?"

Mzee akajitetea kuwa alikuwa anapumzisha miguu tu, anasubiri basi. Yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akaita jikoni, "Mama Saidi, tuletee chai, mwanangu!"

Harusi ikafanyika. Utani wa mkwe ukawa jina la mtaa mzima.

Sasa sehemu ngumu. Dada na Abdala hawakujaaliwa mtoto. Mnajua mwanamke wa hivyo anavyoitwa, nyuma ya mgongo na hata mbele. Dada yangu sikusikia akiitwa hivyo. Kisimani, shambani, kwenye ngoma, alikuwa Mama Saidi.

Aliwahi kuniambia, "Yule mwandishi alinitungia uongo, Mungu amlipe kheri."

Tumemzika Chanika. Wageni wakauliza Saidi yuko wapi, aingie kaburini ampokee mama yake. Nikashuka mimi. Iliniuma sana.

Nilichojifunza: usidharau kitu cha kubuni, hujui nani atakuja kukiishi. Wenye mengine semeni, hata wa kupinga karibuni.

Nakala yetu ililiwa na mchwa. Mwenye nayo ani-PM. Ndiyo picha pekee ya dada akiwa na mtoto mgongoni.